Picha Saba za Kwenda kwa Nasieku

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mama Akinyi nilimwambia habari ya vifaranga. Mama Wambua nikamwambia ya yule askari wa shamba la maua. Dada yangu Loko nikamwambia ya punda. Halafu nyote mkakutana kwenye kioski cha maji mkaanza kubishana eti mimi Nduku nilienda wapi hasa siku zile tisa. Basi nimekaa na kalamu. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu wangu akiwa Mwalimu Ndeto, kwa hivyo mkiona mwandiko unapanda mlima mjue ni mkono, si kichwa. Kichwani kila mtu yuko mahali pake.

Najua pia mnangoja picha zenu, zile nilizowapiga siku ya maombi. Hazitatoka. Mtaona ni kwa nini.

Mwanzo mnaujua, lakini niuweke hapa kwa ajili ya wajukuu. Kamera yangu ni ile nyeusi aliyoniachia Wanyonyi, mpiga picha aliyekuwa akizunguka makanisani siku za Jumapili, wakati alipopata kubwa zaidi. Alinifundisha mambo matatu tu: jua liwe mgongoni mwangu, pumzi niishike, na mlango wa nyuma wa kamera nisiufungue kabla filamu haijarudi yote kwenye mkebe wake. Mwanzoni ilikuwa mchezo wa mama mzee. Halafu Mama Syombua akafa, na katika nyumba nzima hapakuwa na picha yake isipokuwa ya kitambulisho. Wakaikuza, wakaiweka juu ya jeneza, na watoto wake mwenyewe wakawa wanaiangalia kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Tangu siku hiyo sikutulia. Nikasema kila mama tuliyeingia naye Kitengela wakati ilikuwa nyasi na nyumbu, nitampiga picha inayofanana naye.

Nikawamaliza wote, akabaki mmoja. Nasieku.

Nasieku alikuwa jirani yangu wa kwanza, wakati ukuta kati yetu ulikuwa matawi ya miiba. Mwaka wangu wa kwanza alinipa maziwa kila asubuhi bila kuombwa, na binti yangu Kasiva alipojifungua nyumbani ni yeye aliyekaa na sisi siku tatu. Kamera hakuitaka. Magari ya wageni yalikuwa yakisimama kando ya boma lake, wanampiga, wanaenda. Alikuwa akisema wanachukua na hawarudi. Lakini mumewe, Mzee Koinet, alipouza kipande cha mwisho na wakahama kwenda ng'ambo ya Bissil, aliniambia: "Siku utakayokuja kwangu kwa miguu yako, Nduku, nitakaa unipige."

Miaka minne ikapita, sikuenda. Simu za mkono zilikuwa bado za watu wa ofisi. Halafu Resiato, yule anayetuletea maziwa, akaniletea salamu kwamba Nasieku miguu imefura, hatoki tena nje ya boma, na anauliza kama Nduku bado yuko hai. Hata chai sikumaliza. Niliona jeneza na picha ya kitambulisho juu yake.

Kitengela mpaka Isinya: vifaranga kwanza

Nilipata nafasi kwenye pikapu ya Musyoka, mtoto wa Mama Ndinda, ambaye hupeleka vifaranga wa siku moja kwa wafugaji wa kule Isinya. Niliketi mbele na mfuko wangu mapajani. Ndani ya mfuko kulikuwa na kamera, leso mbili, sukari na majani ya chai ya Nasieku, na bahasha moja nitakayoisema baadaye. Nyuma yetu makatoni yenye matundu yalikuwa yanalia kwa sauti moja, kama kanisa la watoto.

Nilidhani tutafika saa tatu. Kumbe Musyoka anasimama kila lango, na kila mama anafungua katoni lake, anatoa kifaranga mmoja mmoja, anamgeuza, anamwangalia matako, anampulizia manyoya, anamrudisha. Mama mmoja, Mama Muthoni, alirudia katoni zima kwa sababu alisema mmoja alimwangalia vibaya. Mimi nilikuwa nimeshashuka na kupanda mara sita.

"Tulia, Susu," Musyoka akaniambia, maana kwetu Susu ni nyanya. "Hawa hawana haraka."

"Hawa wako na siku moja," nikamjibu. "Mimi niko na miaka sabini."

Alicheka, lakini hakuongeza mwendo.

Isinya: mlango wa nyuma

Katoni la mwisho lilikuwa la nyumba ya msimamizi wa shamba moja la maua. Musyoka akaingia, mimi nikabaki langoni. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wasichana walitoka na magambuti yao ya mpira, wakaketi kando ya ua, na mmoja wao alikuwa na viganja vya kijani mpaka kwenye mikunjo, rangi ya majani imeingia haitoki tena. Mkono wangu wenyewe ukaingia kwenye mfuko.

Hapa niwaambie njia yangu, maana mmekuwa mkiniuliza kwa nini picha zangu hazikai kama za studio. Mtu akiambiwa anapigwa picha anakauka. Shingo inasimama, macho yanakuwa ya kwa chifu. Mimi simwambii acheke. Namuuliza kwanza jina aliloitwa na nyanya yake akiwa mtoto. Halafu namwacha, naongea mambo mengine, naye anasahau. Kisha namwita kwa jina lile, ghafla kidogo, na uso unapogeuka kuitika, kabla haujajua kwamba umegeuka, ndipo nabonyeza.

Msichana yule alikuwa Nafula, kutoka Bungoma. Nikamwita. Akageuka na viganja vyake vya kijani hewani. Nikampata.

Askari wa lango akaja mbio. Aliitwa Barasa, mtu mzima mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Mama, umetumwa na nani?"

Nikamwambia nimetumwa na miguu yangu, naenda Bissil.

"Watu wa magazeti ndio hujibu hivyo," akasema.

Akanieleza kwamba wiki iliyopita kuna watu walikuja kupiga picha za wafanyakazi na yeye ndiye aliyefokewa. Hakuwa na ubaya na mimi, alitaka tu picha ya Nafula itoke, zingine nibaki nazo. Nikamwambia picha haitolewi moja moja kama yai. Akaona ninamdanganya. Akachukua kamera, akaigeuza, akakuta kile kifundo cha juu cha kufungulia mlango. Nikamwambia asivute hapo. Akavuta.

Mlango ukafunguka jua likiwa utosini. Filamu ikang'aa kama ulimi uliotolewa nje. Niliufunga kwa kofi, lakini nilijua. Wanyonyi alikuwa ameniambia vizuri: iliyopigwa iko nje ya mkebe, mwanga ukiingia inakufa yote.

"Nimeiharibu?" Barasa akauliza, sauti imekuwa ndogo.

Kihesabio cha kamera kilikuwa kimerudi sifuri, sikuweza kujua zimebaki ngapi. Basi nikahesabu kwa njia ninayoiweza. Nikaanza kutaja. Mama Wambua, akiwa na kitambaa cha buluu. Mama Akinyi, amefunga macho nusu. Loko. Mama Ndinda na fimbo yake. Mama Chebet. Penina wa kwaya. Nilitaja wote waliokuwa ndani, mmoja baada ya mwingine, nikikunja vidole, mpaka Nafula aliyekuwa wa ishirini na saba. Barasa alikuwa amevua kofia. Wasichana walikuwa wameacha kula.

Filamu ni ya thelathini na sita. Toa ishirini na saba, zinabaki tisa. Mbili za karibu na mlango mwanga huzila, hizo nikazibonyeza bure zipite. Nilibaki na saba.

Barasa alinipa chakula chake, ugali na mrenda kwenye mkebe wa chuma. Mrenda sikuwa nimeuzoea, unavutika kama kamasi ya ndama, lakini nilikula wote kwa sababu alikuwa ananiangalia kila tonge. Alisema mama yake kule kwao ni wa umri wangu, na yeye pia hana picha yake. Nikamwuliza anaitwaje. Akasema Nekesa. Basi ujue, Mama Wambua, picha yako ilikufa, lakini jina lako lilisomwa Isinya mbele ya watu.

Kajiado: kungoja

Kajiado nilifikia kwa Mutheu, binti ya marehemu dada yangu, ambaye ana kibanda cha chai karibu na reli. Shida yangu ilikuwa moja, kupata filamu nyingine. Kulikuwa na studio ya mama mmoja, Mama Njeri. Akasema filamu zimeisha, zinakuja na basi kutoka Nairobi, labda kesho.

Kesho yake nikakaa mlangoni pake tangu asubuhi. Basi likaja, filamu haikuja. Labda kesho. Nikarudi kwa Mutheu, nikafagia kibanda. Nikaosha vikombe vilivyokuwa vimeoshwa. Nikafagia tena.

"Mama mdogo," Mutheu akasema, "sakafu imechoka. Kaa."

Sikuweza. Kila nikikaa naona miguu ya Nasieku inafura zaidi. Mutheu alinipikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akaniambia mtu hafi kwa miguu. Nikamwuliza yeye ni daktari.

Siku ya pili kwa Mama Njeri alikuja mzee, Mzee Parmuat, amekuja kuchukua picha zake za kitambulisho. Katika kila moja alikuwa amefumba macho. Mama Njeri alimpiga tena mara mbili, na mara zote mbili flashi ikipiga, macho yanafunga kama mlango wa duka. Mzee akatoka nje kwa hasira akasimama kwenye kivuli, akiongea peke yake. Sikujizuia. Nikamwita, Parmuat, kama mama anavyoita mtoto aliyeenda mbali na mbuzi. Macho yakafunguka yote, na meno mawili yaliyobaki.

Ilikuwa picha nzuri sana na haikumsaidia chochote, maana ilikuwa kwenye filamu yangu. Mama Njeri alininunia. Nikabaki na sita. Basi la jioni likaja bila filamu, na nikaamua kwamba sita zinatosha mtu mmoja.

Kajiado mpaka Bissil: tairi

Siku ya soko la Bissil nilipanda lori la wafanyabiashara wa mbuzi. Dereva alikuwa Kilonzo, Mkamba mwenzangu kutoka Kibwezi, na tuliongea kikwetu mpaka tairi la kwanza likapasuka. Wakabadilisha. Likapasuka la pili. Hapo wakaanza kuziba, jeki ikazama mchangani, wakatafuta jiwe, jiwe likavunjika. Mbuzi hatukuwa nao bado, lakini harufu yao ilikuwepo yote.

Nilikaa nikachoka kukaa. Nikamwambia Kilonzo nitatangulia. Akasema mama, wacha mchezo, hapa hadi Bissil si karibu. Nikachukua mfuko nikaanza kutembea. Vumbi lilikuwa jeupe na jua halikuwa na huruma, lakini afadhali miguu inayouma kuliko kichwa kinachozunguka. Nilitembea mpaka nikaanza kuona mabati ya Bissil yaking'aa ndipo lori likanifikia, na Kilonzo akapiga honi kwa muda mrefu na wote waliokuwa juu wakashangilia kama nimeshinda kitu.

Nilipoweka mkono kwenye mfuko nikakuta kidole kilikuwa kimebonyeza njiani. Nilikuwa nimepiga picha ya giza la ndani ya mfuko. Zikabaki tano.

Bissil mpaka kilimani, kwa miguu

Resiato alikuwa ameniambia nikifika sokoni nitafute Ngoto Tajeu, maana yake mama wa Tajeu, ambaye boma lake linapakana na la Nasieku. Nilimpata akifunga mitungi ya maji juu ya punda. Nikamsalimu kwa lugha ya kwao, takwenya, akaitikia iko, akafurahi. Nikamwambia nimetoka Kitengela, naenda kwa Ngoto Lemayian, maana ndivyo tulivyomwita Nasieku siku zote, kwa jina la mtoto wake.

Uso wake ukaenda kwenye kamba ya punda.

"Unataka kwa Nasieku," akasema.

"Ndiyo. Ngoto Lemayian."

Akasema twende kabla jua halijazama. Lakini kwanza tulikunywa chai, na pale kwenye chai mzee mmoja akaniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa Ngoto Lemayian, Lemayian yule mrefu, mtoto wa Koinet. Mzee akaangalia ndani ya kikombe chake. Nikadhani masikio yake ni mabovu, nikarudia kwa sauti. Niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri. Nikafikiri hawa majirani wa juzi hawajui watu wao, mimi mgeni ndiye ninayekumbuka.

Njiani punda alikuwa mbele, Ngoto Tajeu nyuma yake, na mimi nyuma ya Ngoto Tajeu nikiongea. Mnanijua. Nilimsimulia habari ya ile bahasha kwenye mfuko. Ndani yake kulikuwa na picha ya kwanza kabisa iliyonitokea vizuri, miaka ile ya tisini, nilipokuwa bado nakata watu vichwa kwenye picha. Lemayian alikuwa mvulana wa kama miaka kumi na mitatu, amebeba mwana-kondoo shingoni, anavuka kuelekea kwenye ua wetu wa miiba. Nilikuwa nashindwa na kamera, nikamwita anisaidie kushika mfuko, na alipogeuka kidole kikabonyeza. Ilipooshwa, Wanyonyi mwenyewe aliiangalia mara mbili. Ndipo nilijua njia yangu ni ipi. Nilimwambia Ngoto Tajeu kwamba nimemletea mama yake, maana kwa miaka yote alikuwa anakataa picha na hajawahi kuiona.

Kila nikisema Lemayian, Ngoto Tajeu alimchapa punda. Punda akakimbia, maji yakamwagika, akasimama, akakataa kabisa kuendelea. Tulimsukuma matako sisi wawili. Nilimwuliza Ngoto Tajeu haraka ni ya nini na siku bado ni ndefu. Akamchapa tena punda.

Kwa Nasieku

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Nasieku alikuwa ameketi nje juu ya ngozi, miguu mbele yake kama magogo mawili, na aliponiona alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Tulishikana. Alinishika kichwa, akanitemea mate kidogo kwenye kiganja kama baraka, akanicheka kwa sababu nimezeeka. Mkwe wake Naserian, mke wa mtoto wake wa pili, akaleta chai, majirani wakaja, mimi nikawa mgeni wa watu wote. Nilitoa sukari. Nilitoa majani ya chai. Halafu mbele ya watu wote nikatoa bahasha, nikainyanyua juu.

"Ngoto Lemayian," nikasema, "angalia Lemayian wako."

Hakuna aliyelia. Afadhali mtu angelia. Kelele zote zilikatika, hata za watoto. Naserian akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimemaliza, akaondoka nacho. Nasieku hakuiangalia picha. Alivuta shuka akafunika uso, akamwita mtu amwinue, akaingia ndani kwa ile miguu yake, hatua moja moja, na hakuna aliyeniangalia.

Ngoto Tajeu ndiye aliyenipeleka pembeni. Lemayian alikuwa amekufa, mvua mbili zilizopita, kwa ugonjwa wa siku nne. Na kwao mtu akishakufa, jina lake halitajwi tena. Mama yake haitwi tena kwa jina lile. Hata mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo walimpa lingine.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia njia nzima.

"Ningekuambia habari ya nani?" akasema. "Ningekuambia vipi bila kumtaja? Nilikuwa nakimbia ili ukose pumzi."

Mimi ambaye nilijivunia majina. Nilikuwa nimelisema sokoni, nimelisema kwenye chai, nimemrudia mzee kwa sauti. Nilikaa kwa Ngoto Tajeu siku ile na nikafunga mfuko wangu ili kukipambazuka niondoke. Niliona nimepoteza vyote viwili, picha na mtu mwenyewe.

Asubuhi Naserian akaja kuniita. Nilimkuta Nasieku ameketi pale pale, anakamua mbuzi aliyeletewa, maana hilo bado anaweza. Hakunisalimu. Akaonyesha kwa kidevu vitoto vya mbuzi, nivishike visiingilie. Nikavishika. Mbuzi wa kwanza akaenda, wa pili akaja. Nilitaka kusema samahani kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa lugha yoyote, na kila nikifungua mdomo naona kila neno ninalolijua liko na lile jina ndani yake. Nikanyamaza. Mnanijua mimi, hamtaamini, nilinyamaza mpaka mbuzi wote wakaisha na jua likapanda na maziwa yakapelekwa ndani. Mikono yangu ilikuwa inacheza kwa kukosa kazi. Kamera ilikuwa kwenye mfuko na sikuigusa.

Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Kile kikaratasi. Lete."

Nilimpa. Aliishika kwa ncha za vidole, mbali, kisha karibu. Naserian alitoka mlangoni akaona, akarudi ndani haraka. Nasieku aliangalia kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kondoo, kwenye miguu, kwenye ua wa miiba, kila mahali isipokuwa usoni. Mwisho akapitisha usoni.

"Hapa anaitwa," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Ni wewe ulimwita."

"Ni mimi."

"Anaitika," akasema. "Angalia shingo. Bado anaitika."

Baada ya muda akaniambia nitoe mashine yangu, kwani si nilikuja kwa miguu yangu. Nikaitoa. Sikuwa na njia tena, maana njia yangu ni kuita, na sikuwa na jina la kumwita. Nasieku lilikuwepo, lakini niliogopa hata hilo. Nikakaa chini mbele yake na kamera mapajani, nikangoja. Alikauka kwanza, shingo juu, macho ya kwa chifu. Nikaacha. Nzi akaja akaenda. Akasahau shingo. Akarudi kwenye kikaratasi, akainama, akaanza kuongea nacho kwa Kimaasai, polepole, maneno ambayo sikuyaelewa na sikutaka kuyaelewa. Nikashika pumzi. Nikapiga moja. Nikangoja tena, nikapiga nyingine. Zote tano zilienda hivyo, na kati ya moja na nyingine ungeweza kuchemsha chai.

Nilipomaliza akanirudishia picha. Nikamwambia ni yake, nilimletea.

"Haiwezi kukaa hapa," akasema. "Watoto wa Naserian wataiona, watauliza ni nani, nani atawajibu? Kaa nayo wewe. Nyinyi kwenu mnataja?"

Nikamwambia sisi tunataja, tena tunawapa watoto majina yao.

Akafunga macho.

"Basi ukifika kwenu," akasema, "mtaje."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na shida, au ilikuwepo na sikuiona. Punda alienda vizuri. Lori la Kilonzo halikupasua hata tairi moja. Isinya nilishuka langoni, Barasa akanipigia saluti. Kufika Kitengela nilienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, pale ua wa miiba ulipokuwa, sasa ni ukuta wa mawe na upande wa pili kuna fleti za watu nisiowajua. Nikasimama hapo na mfuko begani nikamwita Lemayian, kwa sauti, mara tatu, jinsi nilivyokuwa nikimwita. Mpangaji mmoja alichungulia dirishani. Nikamwambia asijali. Na nyinyi mlionisikia Jumatano kwenye maombi nikitaja jina msilolijua, mkadhani safari imenivuruga, ndiye huyo.

Filamu niliipeleka kwa Wanyonyi. Ishirini na tisa zilitoka nyeupe tupu. Mzee Parmuat alitoka, macho wazi. Giza la mfuko lilitoka giza. Za Nasieku, tatu zilikuwa na ukungu wa joto, moja ilitikisika, na moja ilitoka. Haangalii kamera. Kichwa kimeinama, kimenyolewa, shanga zimeanguka mbele, midomo imefunguka katikati ya neno, na mikono miwili imeshika kitu cheupe kisichoonekana ni nini. Wanyonyi akasema, "Mama, uso hukuupata." Nikamwambia aioshe nakala mbili.

Sasa siwaiti tena watu, mtaona nikija kwenu. Nitakaa tu. Mkinipa chai nitakunywa. Msiniulize napiga lini.

Nakala moja nilimpa Resiato aipeleke. Jana amerudi na jibu. Nasieku bado yuko, miguu ni ile ile. Picha aliiangalia, akaizungusha, akasema nimemtoa miguu kama ya tembo na kwamba mtu mzima hawezi kuzikwa na miguu hiyo, nirudi nipige tena, na safari hii nimpige kuanzia magotini kwenda juu.

Nimenunua filamu mbili. Mama Akinyi, naomba uniangalilie kuku kuanzia kesho.